Treni ilishafika kilomita 574 kwa saa mwaka 2007. Kwa nini za kizazi kipya zinaishia 320 hadi 400?

Swali la msomaji: "Nimesoma kwamba treni ya Ufaransa ilifika kilomita 574.8 kwa saa mwaka 2007. Karibu miaka ishirini baadaye, treni zinazoitwa za kizazi kipya zinatangazwa kwa kasi ya 320, 360, na ile ya China 400. Je, teknolojia imerudi nyuma? Na kama kasi haikui sana, huo upya uko wapi?"

Teknolojia haijarudi nyuma. Treni ya rekodi iliandaliwa kufanya kazi moja kwa dakika chache. Treni ya abiria inatakiwa kufanya kazi yake mara kadhaa kwa siku, mvua inyeshe au jua liwake, kwa miaka thelathini hivi. Jibu limelala katika tofauti hiyo, na ndiyo inayofanya wabunifu wa treni mpya wahangaike na hewa, uzito na breki kabla ya kugusa namba ya kasi.

Tazama kwanza kilichofanyika tarehe 3 Aprili 2007. Treni ile ilikuwa fupi: vichwa viwili na mabehewa matatu katikati yake. Magurudumu yaliongezwa kipenyo kutoka milimita 920 hadi 1,092, ili kwa mzunguko uleule wa mota treni isogee mbali zaidi. Nguvu yake ilifika megawati 19.6, takriban mara mbili ya treni ya kawaida ya aina ile. Umeme wa waya unaopita juu ya njia, ambao kwa kawaida ni volti 25,000, ulipandishwa hadi 31,000. Waya wenyewe ulikazwa kuliko kawaida. Na njia ile ya mashariki mwa Ufaransa ilikuwa bado haijafunguliwa kwa abiria, kwa hiyo hapakuwa na treni ya mbele wala ya nyuma ya kuijali.

Suala la waya linastahili maelezo, maana ndilo ambalo watu wengi hawalifikirii. Pantografu, yaani ule mkono wa juu ya paa unaochota umeme, huusukuma waya kidogo kwenda juu kila inapopita. Msukumo huo unazaa wimbi linalokimbia mbele kwenye waya, kama lile unaloliona ukiitikisa kamba iliyofungwa upande mmoja. Treni ikilikaribia wimbi lake yenyewe, waya unaanza kuruka, pantografu inaachana nao, cheche zinapiga, na kipande cha kaboni kinachogusa waya kinalika upesi. Kanuni inayofuatwa ni kwamba treni isizidi kama asilimia 70 ya kasi ya wimbi hilo. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 150 una kama kilo 1.33 kwa kila mita. Ukiuvuta kwa kilonewton 25 (kipimo cha nguvu ya kuvuta), wimbi linakimbia takriban kilomita 490 kwa saa, na hivyo treni iishie karibu 345. Ukitaka 400, unahitaji kuuvuta kwa karibu kilonewton 34. Shaba tupu haivumilii mvuto huo kwa miaka, kwa hiyo inachanganywa na magnesi, au na kromi na zirikonia, ili iwe imara bila kupoteza sana uwezo wa kupitisha umeme. Treni ya rekodi ilipita kwenye waya uliovutwa kwa kilonewton 40 na bado ilizidi asilimia 90 ya kasi ya wimbi. Kwa siku moja inakubalika. Ukifanya hivyo kila siku, utakuwa unabadilisha waya na kaboni bila kupumzika.

Sasa hewa. Upinzani wake hukua kwa mraba wa kasi, na nguvu ya mota inayohitajika kuushinda hukua kwa kipeo cha tatu. Kutoka 300 hadi 400, upinzani wa hewa unakuwa mara 1.78 na megawati za kuushinda zinakuwa mara 2.37. Ndiyo maana haitoshi kufunga mota kubwa zaidi: transfoma ndani ya treni inakuwa nzito, vituo vya kupozea umeme kando ya njia vinahitaji kuongezwa uwezo, na uzito ulioongezeka unaila reli.

Unapata nini kwa gharama hiyo? Chukua safari ya kilomita 500 na uhesabu kana kwamba treni inakwenda kasi moja mwanzo hadi mwisho. Kwa 160 ni saa tatu na dakika nane hivi. Kwa 250 ni saa mbili. Kwa 300 ni saa moja na dakika 40, kwa 350 ni saa moja na dakika 26, na kwa 400 ni saa moja na robo. Hatua ya kwanza imeokoa zaidi ya saa nzima. Ya mwisho imeokoa dakika 11. Na treni ya 350 ikisimama kituo kimoja kwa dakika mbili, ukijumlisha muda inaopoteza kupunguza mwendo na kuuchukua tena, hasara yake inazidi dakika tano. Kwa maneno mengine, vituo viwili vya ziada vinatosha kumeza faida yote ya kutoka 350 kwenda 400. Mtu anayepanga ratiba analijua hili vizuri kuliko anayeandika matangazo.

Hiyo haina maana kwamba 400 ni upuuzi. Kwa njia kama ya Beijing hadi Shanghai, yenye kilomita 1,318, dakika zinajikusanya, na ushindani na ndege ni mkali. Kwa njia fupi yenye vituo vingi, tungeshauri fedha ziende kwenye kuongeza kasi ya kuondoka kituoni, milango mipana, na sakafu iliyo sawa na jukwaa ili abiria wapande upesi.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakuna treni inayoweza kukikwepa: kona. Kwa reli yenye upana wa milimita 1,435 hesabu yake ni rahisi. Chukua kasi kwa kilomita kwa saa, izidishe kwa yenyewe, zidisha tena kwa 11.8, kisha gawanya kwa jumla ya milimita ambazo reli ya nje imeinuliwa pamoja na upungufu wa mwinuko, yaani milimita zinazokosekana ili abiria asisukumwe nje kabisa, ambao anaweza kuuvumilia. Tuseme jumla hiyo ni milimita 240. Kwa 300 unahitaji kona yenye nusu kipenyo cha kama mita 4,400. Kwa 350, mita 6,000. Kwa 400, karibu mita 7,900. Njia ikishajengwa kwa kona za mita 4,000, hutaigeuza kwa kununua treni mpya. Ni lazima ubomoe madaraja na kuchimba mahandaki upya.

Mfano mzuri ni njia ya Tokaido huko Japani, iliyofunguliwa mwaka 1964 kwa treni za kilomita 210 kwa saa. Kona zake nyingi zina mita 2,500 tu. Treni ya N700 ilipewa uwezo wa kujilaza kwa digrii moja ndani ya kona kwa kutumia mifuko ya hewa iliyo chini ya behewa, na hapo ikapita kona hizo kwa 270 badala ya 255. Tangu mwaka 2015 kasi ya juu ya njia hiyo ni 285. Kilomita kumi na tano kwa saa kwa digrii moja: mafanikio mengi katika fani hii yana ukubwa wa namna hiyo, na tunayaheshimu.

Breki ndizo zinazotunyima usingizi kuliko mengine yote. Treni ya tani 400 ikiwa kwenye 300 imebeba nishati ya mwendo ya kama kilowati-saa 386. Ikifika 400 imebeba 686. Nishati hiyo yote lazima iende mahali fulani treni inaposimama. Katika kusimama kwa kawaida, mota zinageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye waya. Lakini katika dharura huwezi kuutegemea waya pekee, maana umeme unaweza kuwa umekatika. Basi diski za breki zinabeba mzigo, nazo zikizidi joto zinapasuka nyufa ndogo zinazoanza kwenye uso na kuchimba ndani. Ongeza hapo kwamba mshiko wa gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hupungua kadiri kasi inavyopanda, na reli iliyolowa huupunguza zaidi. Ukifinya breki kupita mshiko uliopo, gurudumu linateleza bila kuzunguka na kuchongeka sehemu bapa, kisha linaigonga reli kwa kila mzunguko hadi lichongwe upya. Kompyuta ya kuzuia kuteleza inaachia na kushika breki mara nyingi kwa sekunde, na treni za Japani zina vifaa vya kupulizia punje ndogo sana za seramiki kati ya gurudumu na reli ili kurudisha mshiko.

Ndiyo sababu, katika tangazo la treni ya CR450 ya China, iliyoonyeshwa mwishoni mwa Desemba 2024, namba inayotuvutia zaidi si kasi. Wabunifu wake wanasema inasimama ndani ya mita 6,500 kutoka 400, umbali uleule unaotakiwa kwa treni za 350. Fanya hesabu: ni kupunguza mwendo kwa wastani wa mita 0.95 kwa sekunde, kila sekunde, kwa karibu dakika mbili mfululizo, huku diski zikimeza nishati iliyoongezeka kwa asilimia 31. Wakiweza hilo, njia iliyopo haitahitaji kubadilishiwa mpangilio wa ishara, kwa sababu nafasi kati ya treni na treni inapangwa kwa umbali wa kusimama. Umbali ukirefuka, treni chache zaidi zinapita kwa saa, na njia yenye shughuli nyingi inaweza kupoteza abiria wengi kuliko inaopata kwa kasi.

Baada ya hayo yote, swali lako la pili linajibika vizuri zaidi: upya uko wapi?

Upo kwanza kwenye vifaa vya kubadili umeme. Mota za treni haziwezi kula umeme wa waya moja kwa moja. Kati yake kuna vibadilishi vinavyokata na kuunga umeme kwa kasi kubwa. Kwa miaka mingi vilitengenezwa kwa silikoni. Sasa kuna silikoni kabaidi, inayostahimili joto zaidi na kupoteza umeme kidogo, kwa hiyo mitambo ya kupoza inapungua na kisanduku kizima kinakuwa chepesi. N700S, toleo jipya la ile N700 ya Japani, iliyoanza kubeba abiria Julai 2020, ni mfano wake. Nafasi iliyopatikana chini ya sakafu ikawekwa betri za lithiamu, ambazo zinaiwezesha treni kujisogeza yenyewe polepole umeme ukikatika, mathalani baada ya tetemeko. Kwa abiria aliyekwama ndani ya handaki au juu ya daraja refu, hilo lina maana kubwa kuliko kilomita hamsini za kasi.

Upo pia kwenye mota za sumaku ya kudumu, zinazotoa nguvu zaidi kwa kila kilo. Zina tabia moja inayotakiwa kushughulikiwa: mota hii huzalisha umeme kila inapozunguka, hata usipotaka. Ikiwa ndani yake kuna hitilafu ya kugusana nyaya, huwezi kuizima huku treni inakwenda. Ndiyo maana inafungiwa swichi ya kuitenga na kibadilishi chake, na joto lake linafuatiliwa muda wote, kwa sababu sumaku ikichemka kupita kiasi inapoteza nguvu na hairudi.

Kisha kuna umbo. Wengi hutazama pua, lakini kwenye treni ya mita 200 pua ni sehemu tu ya tatizo. Bogi zilizo wazi (yaani fremu zenye magurudumu zilizo chini ya behewa), mianya kati ya behewa na behewa, na mitambo iliyochomoza juu ya paa huivuruga hewa kwa urefu wote wa treni. CR450 imefunikwa bogi zake, na wabunifu wanataja upinzani uliopungua kwa asilimia 22 na uzito kwa asilimia 10 ikilinganishwa na treni iliyoitangulia. Velaro Novo, treni ya kampuni ya Siemens ya Ujerumani, imefuata njia hiyohiyo kwa kufunika bogi na kuficha vifaa vya paani. Ubaya wa kufunika ni kwamba bogi inapumua vibaya, theluji na uchafu vinajibana ndani, na fundi anatumia muda mrefu zaidi kufungua kabla hajaiona bearingi.

Pua ndefu ina kazi nyingine tofauti. Treni inapoingia handakini kwa kasi inaisukuma hewa kama pistoni ya pampu, na wimbi la shinikizo linakimbia mbele hadi mdomo wa pili, ambako hulipuka kwa kishindo. Ukali wake unakua kwa kipeo cha tatu cha kasi ya kuingia. Japani, yenye milima mingi na kiwango cha kelele cha desibeli 70 katika maeneo ya makazi, imelisoma tatizo hili kuliko yeyote. Treni yao ya majaribio, ALFA-X, iliyoanza kukimbia mwaka 2019, ilipewa pua ya mita 22 upande mmoja na mita 16 upande wa pili ili kulinganisha. Mita 22 karibu ni behewa zima lisilo na kiti cha abiria, na hiyo ndiyo bei ya ukimya. Mbadala wake ni kujenga kofia ndefu yenye matundu kwenye mdomo wa handaki, ili shinikizo lipande polepole.

Ufaransa imekwenda kwa mantiki tofauti kabisa, na kwa maoni yetu ndiyo yenye busara zaidi kwa nchi nyingi. TGV M, toleo jipya la treni ya kasi ya nchi hiyo, ambayo shirika la reli la SNCF liliagiza treni 100 mwaka 2018, inabaki kwenye 320. Vichwa vyake vimefupishwa ili sehemu ya abiria irefuke, ina ghorofa mbili, idadi ya mabehewa inaweza kubadilishwa kati ya saba na tisa, na inaweza kubeba hadi abiria 740. Umeme inaotumia unatajwa kupungua kwa asilimia 20. Ukigawanya umeme huo kwa viti vilivyoongezeka, punguzo kwa kila abiria linakuwa kubwa kuliko hapo. Kasi haikuongezwa hata kilomita moja, lakini nauli inayoweza kutozwa bila hasara inashuka.

Usalama nao umebadilika kwa namna ambayo abiria haioni. Tarehe 3 Juni 1998 huko Eschede, Ujerumani, gurudumu lililotengenezwa kwa vipande, lenye tairi la chuma juu ya tabaka la mpira, lilikatika tairi na watu 101 wakafa. Ufa ulianzia upande wa ndani wa tairi, mahali ambapo macho ya fundi hayafiki. Treni za kasi leo hutumia gurudumu la kipande kimoja, nalo hukaguliwa kwa mawimbi ya sauti yanayopenya chuma. Kizazi kipya kinaongeza vihisio kwenye kila bogi: joto la bearingi, mtikisiko wa wima na wa kando, hali ya giaboksi. Mtikisiko wa kando ni wa kuangaliwa sana. Gurudumu lina mteremko kidogo usoni, na ndio unaoliongoza katikati ya reli. Likilika na kubadilika umbo, bogi inaanza kuyumba kushoto na kulia, na juu ya kasi fulani kuyumba huko hakuzimiki kwenyewe. Vizuizi vya mafuta vilivyofungwa kando ya bogi hutuliza kuyumba huko, lakini dawa ya kweli ni kulirudisha gurudumu kwenye mashine ya kuchonga kabla halijafika hapo. Kadiri kasi inavyopanda, ndivyo unavyolazimika kulichonga mapema, na kila uchongaji unapunguza maisha yake.

Na zile zisizotegemea magurudumu? Treni ya sumaku ya Japani, L0, ilifika kilomita 603 kwa saa tarehe 21 Aprili 2015 kwenye njia ya majaribio ya Yamanashi. Inaanza kwa matairi ya mpira, na ikifika karibu 150 inaelea sentimita 10 juu ya njia yake, ikibebwa na sumaku zilizopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi digrii 269 chini ya sifuri. Hapo matatizo ya pantografu, mshiko na kuyumba kwa bogi yanaondoka kwa pamoja. Hewa inabaki, na kwa kilomita 500 kwa saa upinzani wake ni karibu mara 2.8 ya ule wa 300. Njia ya kwanza, kutoka Tokyo hadi Nagoya, ina urefu wa kilomita 286, na asilimia 86 hivi yake ni mahandaki. Lengo la kuifungua mwaka 2027 limekwisha kuachwa.

Ila kikwazo chake kikubwa kiko kwenye maungio. Treni ya sumaku haiwezi kutoka kwenye njia yake na kuendelea kwenye reli ya kawaida, kwa hiyo kila mji unaotaka kuifikia lazima uchimbiwe njia mpya hadi katikati, pamoja na kituo chake. TGV inakimbia 300 au 320 kwenye njia mpya, kisha inashuka kwenye reli za zamani na kumfikisha abiria katika miji ambayo haitajengewa kamwe njia ya kasi, bila kumshusha hata mara moja. Kwa abiria aliye na mizigo na watoto, kutobadili treni kunaokoa muda mwingi kuliko zile dakika 11 tulizozihesabu hapo juu.